Meno ya mbwa na paka wetu: tuyaangalie kabla hayajatuletea shida

  

Mwezi huu tunaongea habari ambayo wengine watacheka wakisoma kichwa chake tu. Meno ya mbwa! Meno ya paka! Tunajua mzazi atasema: “Sisi wenyewe jino likiuma tunasukutua maji ya chumvi na kulala, sasa walimu wanatuambia tuhangaikie jino la mbwa?” Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili: hatuandiki kwa ajili ya mbwa peke yake. Tunaandika kwa ajili ya mtoto anayecheza na mbwa huyo, na kwa ajili ya nyumba inayolindwa na mbwa huyo usiku. Tunaandika pia kwa ajili ya gunia la posho ambalo paka analilinda na panya. Mdomo wa mnyama ukiharibika, shida haibaki mdomoni mwake.

SIMBA WA TSAVO NA JINO LAKE

Tuanze na hadithi ya kweli. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kuja huku, ile iliyoitwa Reli ya Uganda. Walipofika mto Tsavo, nchini Kenya, simba dume wawili wasio na manyoya shingoni walianza kuvamia kambi usiku na kula wafanyakazi. Kazi ya daraja ilisimama, watu wakakimbia. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Yeye aliandika kwamba watu waliokufa walifika 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao miaka mingi baadaye walikadiria kwamba walioliwa ni karibu 35.

Simba hao bado wapo. Mwaka 1924 ngozi na mafuvu yao yaliuzwa kwa makumbusho ya Field huko Chicago, Marekani. Wataalamu walipochungulia mdomo wa simba mmoja, waliona chonge moja ya chini imevunjika, na kwenye mzizi wake palikuwa na jipu. Huyo ndiye aliyekula watu wengi zaidi kuliko mwenzake. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulisema maumivu ya jino huenda ni sababu mojawapo: simba mwenye taya bovu hawezi kumkaba nyati wala pundamilia, basi anatafuta kitu laini. Na mtu ni laini.

Hatusemi paka wa nyumbani atageuka simba. Tunachosema ni kwamba mnyama mwenye maumivu mdomoni hubadilika tabia. Mbwa mpole, mtoto akimgusa shavu, anaweza kuuma ghafla. Watu watasema amekuwa mbaya, wamfukuze kwa mawe, kumbe ni jino.

MDOMO UMEJENGWA VIPI

Mtoto wa mbwa huanza kuota meno akiwa na wiki 3 hivi. Meno ya utoto ni 28. Kuanzia miezi 4 yanang'oka, na akifika miezi 6 au 7 anakuwa na meno ya ukubwa 42. Paka ana meno ya utoto 26, na ya ukubwa 30. Ukiona jino dogo sakafuni wakati mnyama bado mdogo, usiogope wala usimsaidie kung'oa mengine. Yatang'oka yenyewe. Lakini akipita miezi 7 na chonge ya utoto bado imesimama karibu na ile mpya, hapo muonyeshe daktari wa mifugo, sababu chakula kitabanana katikati.

Tofauti na sisi, mbwa hapati matundu ya meno mara nyingi, na paka hapati karibu kabisa. Ugonjwa wao mkubwa ni wa fizi. Unaanza hivi: baada ya kula, utando laini unashika kwenye meno. Huo ndio ukoga. Usipotolewa, baada ya siku chache unaanza kushika madini ya mate na kuwa mgumu kama saruji, rangi ya njano au kahawia. Ukifika hapo hautoki tena kwa mswaki. Vijidudu vinaingia chini ya fizi, fizi inavimba na kutoa damu, kisha mfupa unaoshika jino unaliwa pole pole mpaka jino linalegea.

Fizi iliyovimba tu inaweza kupona ukisafisha. Mfupa ukishaliwa haurudi. Ndiyo maana tunasema tuangalie mapema. Madaktari wa mifugo wanasema mbwa na paka wengi, wakifika miaka 3 tu, tayari wana dalili za ugonjwa huu kwa kiasi fulani.

DALILI ZA KUANGALIA

Mnyama hawezi kusema “jino linaniuma”, na kwa asili yake anaficha maumivu. Mbwa mwenye jino bovu anaweza bado kukimbilia sahani. Kwa hiyo tusingoje mpaka akatae kula. Tuangalie haya:

– Mdomo unanuka vibaya sana. Watu husema “mbwa ananuka, ni kawaida.” Hapana. Harufu ya kuoza si kawaida.
– Fizi ni nyekundu au zinatoa damu. Fizi nzuri ni ya rangi ya waridi, na kwa mbwa wengine ina madoa meusi toka kuzaliwa. Hayo si ugonjwa.
– Anatafunia upande mmoja, au chakula kinaanguka mdomoni.
– Anajikuna mdomo kwa mguu, au anasugua shavu chini.
– Uvimbe chini ya jicho. Mara nyingi hilo ni jipu la mzizi wa gego kubwa la juu, si jicho.
– Paka ameacha kujilamba, manyoya yamekuwa machafu. Au anakaribia chakula, analia, anakimbia. Paka wengine hupata vidonda mdomo mzima, na wengine meno yao huliwa kutoka kwenye mizizi. Maumivu yake ni makali sana.
– Paka aliyekuwa hodari wa panya sasa anawatazama tu wakipita.

KAMA NI JINO AU NI KICHAA CHA MBWA

Hapa tunaomba kila mtu asome mara mbili, na wasomao wawasomee wasiojua kusoma.

Mbwa akitoa udenda mwingi, taya la chini limelegea, hawezi kumeza, watu wengi hufikiri mfupa umemkwama kooni. Mtu mwenye huruma anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo hata siku moja! Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa anakimbia na kuuma watu. Kuna aina ya kimya: mbwa ananyamaza, taya linapooza, sauti inabadilika, anajificha gizani. Virusi viko kwenye mate, na mkononi ukiwa na mchubuko mdogo, vinapata mlango.

Ukiona dalili hizo, toeni watoto, mumfungie mbwa kwa mbali kama inawezekana bila kumshika, na mumjulishe mwenyekiti wa LC na ofisi ya mifugo ya eneo lenu. Kampala ina divisheni 5: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga.

Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa au paka, au akilambwa kwenye kidonda, afanye hivi mara moja: aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Amalize sindano zote atakazopangiwa, hata kidonda kikipona. Tunajua desturi zetu: wengine wanaweka jiwe jeusi, wengine majivu, pilipili au mafuta ya taa. Jiwe jeusi halinyonyi virusi. Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema inazuia. Duniani unakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya meno ni hii: mbwa asiyechanjwa, au mbwa wa mtaani usiyemjua, usiguse mdomo wake. Chanjo kwanza, mswaki baadaye. Mbwa na paka wanaanza kuchanjwa wakiwa na miezi 3, halafu wanarudia kama daktari atakavyosema, mara nyingi kila mwaka. Muombe kadi na kuitunza. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na kampeni za chanjo hufanyika karibu na siku hiyo. Sikilizeni matangazo ya LC.

KUSAFISHA KWA VITU VYA NYUMBANI

Sasa tuseme mbwa wako amechanjwa, ni mpole, na anakujua. Huhitaji vitu vya bei ghali. Unahitaji kitambaa safi cha pamba, au mswaki laini wa mtoto ambao utakuwa wa mbwa peke yake. Tafadhali usirudi kwenye kikombe cha familia.

Wiki ya kwanza: akiwa ametulia, baada ya kutembea, mguse tu midomo na kuinua mdomo wa juu kidogo. Mpe kipande kidogo cha chakula anachopenda. Basi, imetosha.

Wiki ya pili: funga kitambaa kibichi kwenye kidole, chovya kwenye supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, na usugue meno ya nje pole pole. Kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka, msisahau.

Wiki ya tatu: tumia mswaki, kwa mizunguko midogo, pale jino linapokutana na fizi. Huna haja ya kufungua taya. Ukoga mwingi unashika upande wa nje, hasa kwenye magego ya juu, na upande wa ndani ulimi unasaidia. Nusu dakika kila upande inatosha. Kila siku ndiyo bora, lakini hata mara 3 kwa wiki ni msaada mkubwa.

Kwa paka tumia pamba au kitambaa, na uvumilivu mara mbili. Akikunja masikio na kupiga mkia, acha, jaribu kesho. Hakuna kushindana na paka.

Kazi hii ni ya mtu mzima au kijana mkubwa. Watoto wadogo wasimame pembeni wahesabu.

HAPANA KUFANYA HAYA

Dawa yetu ya meno isitumike. Mbwa hajui kutema, anameza yote, na floridi ikiwa nyingi inamdhuru. Dawa nyingine zina utamu unaoitwa zailitoli, ambao ni sumu kali kwa mbwa. Chumvi nyingi pia hapana, na majivu hapana.

Panadol usimpe paka! Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Diclofenac na ibuprofen, ambazo ziko karibu kila nyumba, zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya maumivu ya mnyama itoke kwa daktari wa mifugo.

Msikubali mtu kukwangua ukoga mgumu kwa kisu au msumari. Jino linakwaruzika, ukoga unarudi haraka zaidi, na mtu anaweza kuumwa. Kusafisha kwa kweli, hasa chini ya fizi, kunafanywa na daktari mnyama akiwa amelazwa usingizi kwa dawa.

MIFUPA JE?

Hili ndilo swali kubwa, sababu mbwa wetu wengi wanaishi kwa mabaki. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka kama sindano na unaweza kutoboa utumbo. Mfupa mzito wa mguu wa ng'ombe na kwato zinavunja magego. Kipimo ni rahisi: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Kama hakiachi alama hata kidogo, kitu hicho ni kigumu mno kwa jino. Gegedu na mishipa migumu ya nyama ni afadhali, ukiwepo kumuangalia.

Posho laini peke yake inanata kwenye meno, na pia haimtoshi mbwa kwa nguvu. Ichanganye na mukene, yaani ndagala zetu, au mabaki ya nyama. Paka yeye ni mla nyama kabisa: bila nyama au samaki anaugua, hata mkimpa posho ya kushiba. Maji safi yawepo siku zote.

Jambo lingine ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa anatafuna mnyororo, mawe na vyuma, na chonge zinakwisha. Mfungueni mahali palipo na uzio, mtembezeni, mpeni kamba nene iliyofungwa fundo atafune badala ya chuma. Kamba ikianza kutoka nyuzi muiondoe, asije akazimeza.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Tumpeleke wapi Kampala? Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha udaktari wa mifugo na kina kliniki ya wanyama. Chama cha USPCA kina kituo cha mbwa na paka wasio na wenyewe, na mnaweza kuwaomba ushauri. Kuna pia madaktari binafsi mjini. Ulizeni bei kabla daktari hajaanza kazi. Muuza dawa dukani si lazima awe daktari.

Hatuna pesa ya kung'oa jino, tufanye nini? Mpeni chakula laini kilicholowekwa, msimguse mdomo, muwaweke watoto mbali naye wakati anakula, na majirani mnaofuga mchange pamoja mumuite daktari mmoja aangalie wote kwa siku moja. Anaweza angalau kuwaambia nani asingoje. Uvimbe wenye usaha ni wa kutibiwa haraka.

Sisi ni Waislamu, hatufugi mbwa. Habari hii yatuhusu? Yanahusu mambo mawili. Paka mnaye, na meno yake ni 30. Na mbwa wa jirani anapita mbele ya mlango wenu, basi ile sehemu ya kichaa cha mbwa ni yenu kabisa.

Mnyama anatusaidia nini, wakati tunaishi chumba kimoja? Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mradi unaowapa mbwa watu walioumizwa roho na vita vya LRA, wafuge na kupona nao. Wengi wetu tunajua usiku usio na usingizi ni kitu gani. Mtoto aliyenyamaza tangu safari, wakati mwingine anaanza kuongea na paka kwanza, halafu na sisi. Lakini kama chumba hakitoshi na mwenye nyumba amekataa, si dhambi kutofuga. Ni afadhali kutofuga kuliko kufuga na kufunga kwenye kamba bila maji.

KAZI YA NYUMBANI KWA WATOTO

1. Mtoto ana meno ya utoto 20, mtu mzima 32. Mbwa mkubwa ana 42, paka mkubwa 30. Nyumba ya mama, baba, mbwa mmoja na paka wawili ina meno mangapi jumla, kama hakuna lililong'oka?
2. Chora mdomo wa mbwa, uonyeshe chonge na magego.
3. Waeleze watu wawili nyumbani namna ya kuosha kidonda kwa dakika 15. Usiwe na saa? Muulize mkubwa mwenye simu akuhesabie.
4. Piga mswaki wako mwenyewe leo usiku, kabla ya kumuuliza mtu kuhusu meno ya mbwa.

Leteni majibu darasani wiki ijayo. Jibu la swali la kwanza ni 166, wazazi, lakini msiwaambie kabla hawajahesabu wenyewe.

 Mbwa wenu wachanjwe, paka wenu wakamate panya, na watoto wenu wawe salama. Tuonane toleo lijalo.